"Shetani alinipitia": utetezi huu unasimama mbele za Mungu?

Mtu_wa_Arua (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nina jambo linanichoma, nalileta hapa tulijadili kwa utulivu.

Katika vikundi vyetu vya kanisa huku West Nile, Uganda, na sidhani kwenu ni tofauti, mtu akishikwa na kosa neno la kwanza kinywani mwake ni "Shetani alinipitia." Mweka hazina amekula akiba ya wajane: Shetani. Mume amezaa nje: Shetani, au yule mwanamke. Kijana amemkata mama yake kwa panga: roho ya babu. Sisi tunaosikiliza tunainama, tunakemea, tunaimba, tunarudi nyumbani. Akiba ya wajane haijarudi, mama yuko hospitali, na mkosaji ametoka pale akiwa ameombewa kama mgonjwa.

Msimamo wangu nausema mapema. Ninaamini Shetani yupo na anajaribu watu. Lakini sijaona mahali katika Biblia ambapo mtu alisamehewa kwa kumtaja Shetani.

Fungueni 1 Nyakati 21. Pale mwandishi mwenyewe anasema wazi kwamba Shetani ndiye aliyemshawishi Daudi kuwahesabu Israeli. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "alinipitia", ni Daudi siku ile, maana Maandiko yangemshuhudia. Hakusema. Tauni ilipopiga watu, alimwambia Mungu kwamba yeye ndiye aliyeamuru hesabu, "mimi ndimi niliyekosa", kisha akauliza kondoo hawa wamefanya nini. Jina la Shetani halimo kabisa katika toba yake.

Mlinganishe na Adamu. Mungu anamuuliza kama amekula tunda, yeye anawataja wawili katika jibu moja: mwanamke, na Mungu aliyempa huyo mwanamke. Hawa anamtaja nyoka. Haruni naye, Musa alipomuuliza habari za ndama, alijibu kwamba aliitupa dhahabu motoni, "akatoka ndama huyu", ilhali sura hiyo hiyo inasema aliitengeneza kwa chombo cha kuchorea. Sauli akawaweka watu wake mbele: ni wao waliotaka nyara.

Yakobo 1:14 ameliweka kwa namna isiyo na mlango wa nyuma: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, huku akivutwa na kudanganywa. Shetani atakuja kutajwa baadaye katika waraka huo, sura ya 4, tunapoambiwa tumpinge naye atatukimbia. Asingeweza kukimbia mbele yetu kama sisi hatuna uwezo wowote.

Linaloniuma zaidi ni hili. Msamaha hupewa aliyekosa. Kama aliyekosa ni Shetani, wewe unaomba usamehewe nini? Tunadhani tunamhurumia ndugu yetu kwa kumwachia Shetani mzigo wote, kumbe tunamzuia asifike pale ambapo rehema ingemkuta.

Nipeni mawazo yenu. Wanaonipinga wanipinge kwa Maandiko.

---

boda_malaba

Mwalimu umesema kweli. Mimi niko kwenye bodaboda hapa mpakani. Abiria anaweza kukuhimiza njia nzima, "pita upande wa pili, nimechelewa, nitakuongeza elfu mbili." Ukigonga mtoto, abiria anashuka na kupotea. Pikipiki ni yako, leseni ni yako, mkono ulioshika usukani ni wako. Nadhani Shetani naye ni abiria wa namna ile.

---

Mtumishi_Nakivale

Wapendwa, shalom. Mimi ni mtumishi katika kanisa la Kipentekoste hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, asili yangu ni Kivu, Kongo. Kwa heshima yote, ndugu wa Arua anaongea kama mtu ambaye hajakaa usiku kucha na mtu aliyefungwa na pepo.

Kuna vifungo. Nimeona familia ambazo babu alikuwa mlevi, baba mlevi, mtoto alikataa pombe hadi miaka thelathini, kisha ikamkamata kama ilivyowakamata wale. Utamwambia huyo "ni tamaa yako mwenyewe"? Kutoka 20:5 inasema Mungu anawapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Na Yesu alitoa pepo. Hakumwambia yule mtu wa makaburini awajibike kwanza. Alimfungua kwanza.

Tusigeuze Injili iwe mahakama. Watu wetu wamechoka, wamebeba vita, njaa, maiti za ndugu zao. Akija mtu analia, mimi namwombea afunguliwe.

---

Mtu_wa_Arua

Mtumishi, nakushukuru kwa kusema wazi. Nami sitaki mahakama. Nikujibu kwa yale uliyoyataja.

Watu wa wakati wa Ezekieli walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Walikuwa na sababu ya kuisema, maana walikuwa uhamishoni Babeli kwa makosa yaliyoanza kabla hawajazaliwa. Hata hivyo Mungu akawakataza kuitumia tena, na sura yote ya 18 ni maelezo ya kwa nini: mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba uovu wa mwana. Kutoka 20:5 nayo inaishia na "wanichukiao". Madhara ya ulevi wa babu yanamfikia mjukuu, sikatai hilo hata kidogo. Umaskini unamfikia, ugomvi unamfikia, labda hata udhaifu wa mwili. Hatia haimfikii mpaka yeye mwenyewe aishike.

Na juu ya mtu wa makaburini, naomba usome Injili zote nne ukitafuta jambo moja. Kati ya wote ambao Yesu aliwatoa pepo, hakuna hata mmoja tunayesoma kwamba alimwambia "dhambi zako zimesamehewa." Aliwatendea kama watu wanaoteswa. Maria Magdalene alitokwa na pepo saba, na Luka hamtaji popote kuwa na dhambi fulani, ingawa wahubiri wengi wamempachika. Upande wa pili, Zakayo aliyenyang'anya watu hakukemewa pepo wa fedha. Mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 hakukemewa pepo wa uzinzi. Aliambiwa aende zake asitende dhambi tena, maneno ambayo humwambii mtu asiye na uwezo wa kuchagua.

Kwa hiyo sikukatazi kufungua waliofungwa. Nasema Yesu hakuwachanganya wanaoteswa na wanaotenda, nasi tunawachanganya kila Ijumaa usiku.

---

dada_Busia

Nilikuwa nasoma tu kimya, lakini hapo kwenye "au yule mwanamke" nimeona niandike.

Sisi wanawake ndio tumekuwa Shetani wa mkono wa pili. Sheria ya kupinga ponografia hapa Uganda ilipotiwa sahihi Februari 2014, watu wakaiita sheria ya sketi fupi, na makundi ya wanaume yakavua wanawake nguo barabarani mchana. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake vikuu. Vifungu vimefutwa, lakini mahubiri hayajafutwa. Bado nasikia mimbarini kwamba dada fulani "amewakosesha ndugu."

Mathayo 5. Yesu anamzungumzia mtu anayemtazama mwanamke kwa kumtamani. Dawa aliyoitoa ni ipi? "Jicho lako la kuume likikukosesha, ling'oe." Jicho lako. Hakusema mwanamke afunikwe, hakusema mwanamke aondolewe sokoni. Kila nikisoma pale nashangaa jinsi tunavyopita haraka.

Na Yusufu naye hakuhitaji mke wa Potifa awe na adabu ndipo yeye awe mwaminifu. Aliacha vazi akakimbia.

---

Mtumishi_Nakivale

Dada, hapo nakuunga mkono bila kusita.

---

Katekista_Kasese

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama mkatekista, nafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo, na swali hili huja kila mwaka, kwa hiyo nitaandika kidogo kirefu.

Mapokeo ya Kanisa yamelipanga jambo hili vizuri, na hayakulipanga kwa ukali. Papa Gregori Mkuu alisema dhambi hupita hatua tatu: uchochezi, kupendezwa, kuridhia. Uchochezi unaweza kutoka kwa adui. Kupendezwa ni mwili. Kuridhia ni roho yako mwenyewe. Wanafunzi wangu wengi wanakuja wakidhani wazo baya likipita kichwani tayari wametenda dhambi, wanaogopa hata kupokea Komunyo. Wengine wanakuja wakidhani hata baada ya kutenda bado hawajatenda. Hatua tatu zinawasaidia wote. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546 ulifundisha kwamba tamaa hubaki ndani yetu hata baada ya ubatizo, kwamba yatokana na dhambi na yavuta kwenye dhambi, lakini yenyewe si dhambi kwa maana kamili. Ndugu zetu wa Kilutheri na Kalvini wanalisema kwa ukali zaidi, kwamba hata ile tamaa yenyewe ni dhambi. Sijifichi kwamba tunatofautiana.

Mwanateolojia Thoma wa Akwino aliuliza hasa swali la uzi huu: je, shetani ni chanzo cha dhambi ya mtu? Akajibu kwamba anaweza kushawishi, anaweza kuweka kitu mbele ya macho na mawazo, lakini hawezi kuulazimisha utashi. Kukubali ni kwa mtu. Na akaongeza jambo ambalo lingewashangaza wengi: si kila dhambi inatokana na kushawishiwa na shetani. Nyingine tunajitungia wenyewe.

Augustino wa Hippo alikaa takriban miaka tisa na wafuasi wa Mani, ambao walifundisha kwamba ndani ya mtu kuna asili nyingine ya giza ndiyo inayokosa. Baadaye aliungama kwamba fundisho lile lilimpendeza kwa sababu ya kiburi: alifurahi kuwa hana lawama, akakishitaki kitu kingine kilichokuwa ndani yake ambacho eti si yeye. Huyu ni mtu aliyeamini kuliko wengi wetu kwamba bila neema hatuwezi kitu, aliyepambana mpaka uzee na Pelagio, mwalimu aliyesema mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini hakutumia udhaifu kama utetezi.

Kwa hiyo katika Misa tunapiga kifua: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana.

Lakini niongeze upande wa pili, ndugu wa Arua, maana andiko lako la kwanza lilikuwa kali. Ili dhambi iwe ya mauti tunahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kabisa, na akubali kwa hiari. Katekisimu namba 1735 inasema wajibu wa mtu waweza kupungua, au hata kufutika, kwa kutojua, kwa hofu, kwa kulazimishwa, kwa mazoea. Kuna watu ambao ukiwaambia "sema nimekosa mimi" unawadhulumu.

---

Gulu_mjini

Mama mkatekista amenifungulia njia. Nilikuwa nasita.

Hapa kwetu kuna watu wa rika langu waliotekwa na waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, wakiwa watoto. Walipewa rungu wakaambiwa mpige huyu au ufe wewe. Kwa wengine, huyo wa kupigwa alikuwa mtoto wa jirani. Sasa ni baba na mama za watu, wanakaa nasi ibadani. Wahubiri wanakuja na msimamo kama wako, "chukua wajibu, usimtaje Shetani", na mimi naangalia nyuso zao.

Mnajua habari za Dominic Ongwen. Alitekwa mtoto, njiani kwenda shule, akaja kuwa kamanda wa LRA. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huo ikampa miaka 25. Mawakili walisema alitenda kwa kulazimishwa na kwa ugonjwa wa akili. Majaji walikataa, ila kutekwa kwake utotoni walikuhesabu katika kupunguza adhabu. Huku kwetu watu waligawanyika, hata ndani ya nyumba moja. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliipigania sheria ya msamaha ya mwaka 2000 kwa sababu walijua wengi waliokuwa msituni ni watoto wetu.

Naomba unijibu kama Mkristo, si kama mwanasheria. Yule aliyepewa rungu ana dhambi gani?

---

Mtu_wa_Arua

Ndugu yangu wa Gulu, nimekaa na swali lako tangu jana.

Mtoto aliyepewa rungu na kuambiwa ua au ufe, sitamwambia aungame kana kwamba alichagua. Anayemlazimisha kuungama anamwekea mabegani kosa la aliyemshikisha rungu. Ole ya Mathayo 18:6 ni kwa yule anayewakosesha wadogo hao, na jiwe la kusagia linafungwa shingoni mwake yeye. Nikija kanisani kwenu na kuhubiri bila kujua nani ameketi mbele yangu, nyamazisheni mahubiri yangu.

Lakini niambie wewe unayeishi nao. Wao wenyewe wanasema nini?

---

Gulu_mjini

Swali zuri, na jibu lake si rahisi.

Wapo wanaosema "si mimi" na wamepata amani. Wapo ambao ukiwaambia "hukuwa na hatia" wanakasirika. Mmoja alisema kwamba nikimwambia hakufanya kitu, ni kama yule aliyekufa hakufa. Anataka aende kwa mama wa yule marehemu. Hatafuti kuhukumiwa, anataka aseme mbele yake kilichotokea.

Mila yetu inaelewa hilo. Anayerudi kutoka msituni hupokelewa kwa kukanyaga yai, nyono tong gweno, na pale haulizwi maswali. Anakaribishwa tu. Mato oput ni jambo jingine na huja baadaye: upande wa aliyeua lazima ukubali ukweli, ulipe fidia, ndipo pande mbili zinywe pamoja ule mzizi mchungu. Wazee hawakuwahi kuchanganya mambo haya mawili. Kumpokea mtu hakungoji maelezo yake, ila mapatano hayafanyiki pasipo ukweli.

---

Mzee_Mbarara

Vijana, nimesoma yote. Mimi ni Mlokole wa zamani, wazazi wangu waliokoka katika uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Kigezi na Ankole. Nimelelewa katika ushirika ambamo mtu alisimama na kutaja dhambi yake kwa jina lake. "Niliiba mbuzi wa fulani, kesho nampelekea." Na kesho alimpeleka. Watu walirudisha vitu kwa waajiri, kwa serikali, kwa majirani ambao hata hawakujua wameibiwa. Hakuna aliyekubaliwa kusema "Shetani alinipitia". Wazee wangemwambia akae chini kwanza.

Hilo lilikuwa jema na ninalililia. Lakini niseme na ubaya wake, maana ndugu wa Arua anaweza kutamani kurudisha kila kitu. Kuna watu walisimama wakaungama uzinzi na kumtaja mwenzao mbele ya kanisa zima, mwanamke ambaye hakuwa ameamua kuungama, na ndoa yake ikafa siku ile. Ungama lako. La mwenzako si mali yako kulisema.

---

kijana_Bweyale

Shikamoo wazee. Swali langu ni dogo. Mimi nabeti. Nimeombewa mara nyingi, nimejaribu kuacha, narudi. Mama mkatekista amesema mazoea yanapunguza wajibu. Kwa hiyo niko upande gani?

---

Katekista_Kasese

Marahaba mwanangu. Mazoea yanaweza kupunguza uhuru wako ile saa simu iko mkononi na mechi inaanza. Lakini kuna saa nyingine, kama hii uliyotuandikia, ambapo huna joto lile. Wajibu wako mkubwa uko katika saa hii. Mpe mkeo au dada yako pesa za wiki azishike. Badilisha njia usipite penye zile ofisi. Paulo katika 1 Wakorintho 10:13 hakuahidi kwamba jaribu halitakuja, alisema Mungu atafanya na mlango wa kutokea, na mlango huo mara nyingi huwa wazi mapema kuliko tunavyoutafuta.

Na wale wanaokuuzia wana lao. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, nawe nenda kaangalie nani wamejaa mle. "Ole wake mtu yule alisababishaye jambo la kukosesha." Kosa lao halipunguzi lako, na lako halifuti lao.

---

Mtumishi_Nakivale

Ndugu wa Arua, bado sikubaliani nawe juu ya laana za ukoo, tutaendelea siku nyingine. Nehemia aliungama dhambi za baba zake.

Ila nina swali la kazi. Jumamosi nina maombi ya ukombozi. Atakuja mtu atasema, "Baba mchungaji, kuna roho ya wizi inanisumbua." Nimwambie nini kwanza?

---

Mtu_wa_Arua

Nehemia alisema "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi." Alijitia ndani. Lakini sawa, tutaendelea.

Kwa mtu wako wa Jumamosi, mimi ningeanza kwa kumuuliza: umemwibia nani? Umsubiri ajibu, hata akikaa kimya muda mrefu. Kisha: kiko wapi? Kama kimebaki, kinarudi lini, na nani atakwenda naye? Anania aliambiwa na Petro kwamba Shetani ameujaza moyo wake, na katika pumzi hiyo hiyo akaulizwa kwa nini yeye mwenyewe aliweka neno lile moyoni mwake. Mtume aliyasema yote mawili. Nawe ukiisha kuuliza, mwekee mikono, mkemee Shetani kwa nguvu zako zote, nami nitasema amina nikiwa huku.

Lakini ukimuuliza "umemwibia nani" akakwambia alitumwa na mtu anayemtishia maisha, acha hayo yote niliyoandika, umtafutie kwanza mahali pa kulala salama.

---

Mtumishi_Nakivale

Nimeandika kwenye daftari. Wako wawili ambao nawajua watakuja, na mmoja wao nadhani ni huyo wa mwisho.